Vidonge vya homoni vya ukomo wa hedhi: hesabu rangi kabla hujalipa

Nilikuwa nimemaliza miaka mitatu bila kuona damu. Nguo nyeupe nilishazirudia, pedi nilishazigawa. Kilichobaki kunitesa ni joto la ghafla na jasho la usiku, daktari akaniandikia vidonge vya homoni mchanganyiko, yaani estrojeni na projestojeni pamoja. Pakiti ya kwanza ilipofika mwisho nikaamka shuka lina damu.

Mwanamke aliyekoma hedhi akiona damu huwaza saratani kwanza, na hakosei, maana damu ya namna hiyo lazima ichunguzwe. Nilipimwa, nikalala macho siku kadhaa, majibu yakatoka safi. Ndipo daktari akaomba aione pakiti yenyewe. Akaigeuza mara moja tu. "Mbona hivi ni vya rangi mbili?"

Muuzaji alikuwa amenipa ndugu wa dawa niliyoandikiwa. Jina karibu lile lile, neno moja dogo limepungua. Nilipouliza mbona boksi halifanani na maandishi ya cheti, jibu lilikuwa, "Ni hivyo hivyo mama, jina ni moja." Dawa yenyewe siitaji, kwa sababu kidonge hakikuwa na kosa. Kilifanya kazi yake barabara: kilinirudishia hedhi.

Basi mwongozo huu haulinganishi nani anazima joto haraka. Vyote vyenye kipimo cha kutosha cha estrojeni hulizima. Nafuu huanza ndani ya wiki chache, na miezi 3 ndiyo muda wa kutoa hukumu. Mimi natazama pakiti. Hakuna anayezungumzia pakiti, na ndiyo iliyoniponza.

Kwanza rangi. Estrojeni ndiyo inayotuliza dalili, lakini kwa mwenye mji wa mimba, ikiachwa peke yake hunenepesha utando wa ndani na kuongeza hatari ya saratani ya hapo. Projestojeni imewekwa kuuzuia utando huo. (Aliyeondolewa mji wa mimba kwa kawaida hahitaji mchanganyiko, azungumze na daktari kuhusu estrojeni pekee.) Pakiti ya mchanganyiko ikiwa na rangi moja, kila kidonge kina homoni zote mbili, na lengo ni usione damu kabisa. Hiyo ni ya aliyemaliza mwaka mzima bila hedhi. Rangi mbili maana yake estrojeni inaingia kila siku na projestojeni inajiunga kwa siku kati ya 10 na 14, kisha damu inatoka kama zamani. Hiyo ni ya mwenye hedhi inayokuja na kupotea. Ukibadilishana na mwenzako, mmoja atarudishiwa mwezi aliokwisha kuuaga, na mwingine atapata madoa yasiyo na kalenda.

Ila rangi moja peke yake isikudanganye. Vidonge vya estrojeni tupu navyo huwa vya rangi moja. Soma kwenye boksi uone majina mawili ya dawa, siyo jina la biashara tu.

Pili, na hapa ndipo ninapowachosha marafiki zangu: je, pakiti inakuambia kama umeshameza cha leo? Ukomo wa hedhi huja na usahaulifu. Unafika jikoni umesahau ulichofuata, halafu unapewa foili yenye vidonge 28 na kuambiwa ukumbuke ulipoishia. Kwa vya rangi mbili ni hatari zaidi, kwa sababu ukianza na nusu isiyo yake, mpangilio wote umepinduka.

Ndiyo maana sioni haya kusema napendelea Kliovance, cha Novo Nordisk. Ndani yake kuna estradioli (ndiyo estrojeni yake) miligramu 1 na noretisteroni asetati (ndiyo projestojeni yake) miligramu 0.5, rangi moja, vidonge 28. Katika baadhi ya nchi mchanganyiko huo huo unaitwa Activelle au Activella. Lakini mimi nilipenda kisahani. Vidonge vimepangwa duara ndani ya kisahani cha plastiki kilichoandikwa siku za wiki. Siku ya kuanza unazungusha duara la ndani hadi siku ya leo ikae mbele ya kiziba kidogo, unakivunja kiziba, unatoa kidonge cha kwanza. Kuanzia kesho unasogeza kifuniko hatua moja kufuata mwelekeo wa saa, tundu linafika kwenye kidonge kinachofuata. Huwezi kuruka. Huwezi kumeza cha keshokutwa. Na jambo linalonifurahisha kuliko yote: hakuna muuzaji anayeweza kukikata kwa mkasi.

Kasoro zake zipo. Noretisteroni huwapa baadhi ya wanawake chunusi, matiti kuuma au moyo kuwa mzito kwa huzuni. Mimi matiti yaliuma wiki sita hivi, yakaacha. Na muwe macho na kaka yake, Kliogest, mwenye kisahani kama hicho: estradioli 2, noretisteroni 1, yaani mara mbili kamili. Majina mawili yanayoanza sawa, kipimo kimoja maradufu ya kingine. Ukiambiwa "hiki ndicho chenye nguvu", rudisha. Kawaida ni kuanza na kipimo kidogo kinachotosha.

Cha pili ni Femoston Conti, ile ya estradioli 1 na didrojesteroni 5, ambayo ndiyo projestojeni yake. Nikisahau pakiti na kutazama kilichomo tu, pengine ningeiweka juu, maana didrojesteroni inakaribia sana projesteroni ya mwili wenyewe, na wengi walioshindwa na noretisteroni huivumilia. Neno Conti ndilo la kuangalia. Femoston 1/10 isiyo na neno hilo ni ya rangi mbili, vyeupe 14 vya estrojeni kisha vya kijivu 14 vyenye zote mbili. Herufi tano zinazokutenganisha na hedhi, na kampuni imeona inatosha kuwaachia wateja wenye miwani ya kusomea.

Kwa ambaye hedhi bado inamtembelea, ningeanza na Novofem. Inakaa kwenye kisahani kama cha Kliovance: vyekundu 16 vya estradioli, vyeupe 12 vya mchanganyiko, na kisahani kinakulazimisha kufuata foleni. Femoston 1/10 inafuata, kwa masharti kwamba foili iko nzima. Trisequens ina rangi tatu, bluu, nyeupe na nyekundu. Sina la kusema. Mimi mbili zimenishinda.

Na ninyi wa kundi hili, kisahani kisiwachanganye na vidonge vya uzazi wa mpango. Hivi havizuii mimba. Hedhi inayorukaruka bado inaweza kuleta mtoto.

Angeliq ina estradioli 1 na projestojeni iitwayo drospirenoni 2, rangi moja. Drospirenoni hupunguza maji mwilini, kwa hiyo wanaovimba miguu huisifia. Lakini inaweza kupandisha potasiamu, basi mwenye tatizo la figo au anayetumia dawa fulani za presha asiiguse kabla daktari hajajua orodha yake yote.

Bijuve ni kapsuli yenye estradioli 1 na projesteroni 100, homoni zote mbili zikiwa sawa kabisa na za mwilini. Humezwa jioni pamoja na chakula, na projesteroni huleta usingizi, jambo ambalo kwa asiyelala ni zawadi. Ningeipandisha daraja, ila kuipata ni shughuli.

Prempro naiweka mwisho. Estrojeni zake hutokana na mkojo wa farasi wenye mimba, na projestojeni yake ni medroksiprojesteroni. Ndiyo mchanganyiko uliotumika katika utafiti mkubwa wa Marekani, Women's Health Initiative, uliosimamishwa mwaka 2002 ukiwa na wanawake 16,608. Habari za saratani ya matiti zilizotoka siku ile ndizo zilizowafanya wanawake dunia nzima watupe vidonge chooni. Idadi yenyewe ilikuwa saratani za matiti 8 zaidi kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka. Si sifuri, na walioumia ni watu. Lakini wastani wa umri wa washiriki ulikuwa miaka 63, wakati wengi wetu tunaanza kati ya 45 na 55. Shoga yangu mmoja alivumilia jasho miaka tisa kwa sababu ya kichwa cha habari cha siku hiyo.

Vya bei nafuu? Vipo, estradioli na noretisteroni za viwanda visivyo na jina kubwa, na kilichomo ndani ni kile kile. Tatizo ni foili. Wapo pia wanaouziwa estrojeni mbali na projestojeni mbali ili waokoe kidogo. Ukijijua ni msahaulifu, cha pili ndicho utakachosahau, na cha pili ndicho kinacholinda mji wa mimba.

Sasa wauzaji. Mkasi! Nani aliwafundisha kukata foili ya homoni vipande kama ya dawa ya kichwa? Unapewa vidonge kumi ndani ya bahasha, bila boksi, bila karatasi ya maelezo, bila tarehe ya kuisha, kwa sababu tarehe imebaki kwenye kipande cha mwenzako. Karatasi ile ndiyo iliyoandikwa nani asiguse kabisa: aliyewahi kuwa na saratani ya matiti, mwenye historia ya damu kuganda, mwenye ugonjwa wa ini, mwenye damu ya ukeni isiyojulikana chanzo. Vidonge vya kumeza huongeza hatari ya damu kuganda. Kwa mwenye hatari hiyo, daktari huangalia plasta au jeli ya kupaka ngozini. Haya yote yametupwa kwenye pipa la takataka nyuma ya kaunta ili mtu auze vipande.

Kwa hiyo mimi siku hizi hulipa baada ya kufungua. Boksi, jina zima neno kwa neno na cheti, majina mawili ya dawa, miligramu, rangi ngapi. Foleni nyuma yangu huguna. Acha igune. Madoa kidogo ya damu miezi ya mwanzo hutokea hata kwa vya rangi moja. Yakizidi miezi 6, au yakianza baada ya kuwa yamekoma, usibadilishe pakiti, nenda ukapimwe.

Ukisahau kidonge, karatasi za Kliovance na Femoston zinasema meza ukikumbuka ndani ya masaa 12. Yakipita, kiache, endelea na cha kesho, usimeze viwili. Nimeandika sentensi hiyo nikageuka kutazama kisahani changu mezani. Tundu liko Alhamisi. Leo ni Ijumaa, na chai ya asubuhi nilikunywa zamani. Ngoja nisogeze hatua moja.