Kidari au paja: kuku gani kwa karai la mboga?

Kwa haraka, kidari kinashinda. Vipande vyembamba vya milimita 5, vikikatwa kwa kukingama nyuzi za nyama, huiva kwa dakika 3 hadi 4 kwenye moto mkali. Paja huchukua 5 hadi 6, na kulitoa mfupa ni kazi nyingine. Mafuta pia ni machache kwenye kidari.

Ila kidari hakitaki mzaha: ukizubaa dakika moja, unatafuna kamba. Kinga yake ni kuchanganya gramu 400 za nyama na kijiko 1 cha chakula cha sosi ya soya na kijiko 1 cha chai cha kornflawa (wanga wa mahindi, si unga wa ugali), ikae dakika 15. Paja halidai hayo. Hata likipashwa moto kesho yake bado ni laini.

Kinachoharibu vyote viwili ni kujaza karai. Joto linashuka, maji yanatoka, nyama inachemka badala ya kukaangika. Kaanga kwa mafungu mawili, itoe, tia karoti, kisha hoho, ndipo uirudishe.

Mnakula papo hapo na unapunguza mafuta? Kidari. Unafunga chakula cha kesho kazini, au moto bado unakushinda? Paja.