Kipaza sauti cha kubana kifuani kwa wahubiri na walimu wa dini

Kwa mafundisho marefu, kipaza hiki kisicho na waya ni bora kuliko cha kushika: mikono inabaki huru kufungua kitabu, na umbali kutoka mdomoni haubadilikibadiliki. Kibane katikati ya kifua, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu. Kikiwekwa ubavuni, sauti hufifia kila msemaji anapogeukia upande wa pili. Mtandio au mkufu ukikigusa, mkwaruzo hufunika maneno.

Udhaifu wake mkubwa ni kupiga mluzi, kwa sababu hunasa sauti ya spika na kuirudisha humo humo. Spika zikae mbele ya msemaji, zikiwaelekea wasikilizaji, na sauti ipandishwe polepole; ikianza kuvuma, ishushwe kidogo. Besi nayo ipunguzwe. Wengi huipenda kwa kuwa inampa mhubiri sauti nzito, lakini humeza s, f na t, na kwenye ukumbi wenye mwangwi aya nzima huwa ngurumo tupu. Hapo msemaji atue kila mwisho wa sentensi.

Kabla ya kukisifu, waangalie waliokaa nyuma kabisa. Wakigeuka kuulizana, au "Amina" ikichelewa, huenda maneno hayafiki. Mwombe mmoja aeleze fundisho kwa lugha yake mwenyewe. Akikumbuka maneno yote lakini maana imempita, kifaa kimefanya kazi yake. Kinachohitaji kurekebishwa ni mafundisho yenyewe.

Betri iwe mpya au imejaa kabla ya kila ibada.