Mabakuli ya kukereza Kizota: kazi safi, ila ujiandae kusubiri

Wa Dodoma mnajua hali ya huku, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa kumi na moja ni upepo na vumbi tu, midomo inapasuka, visigino vinapasuka, na mbao nazo hazibaki nyuma. Ndo maana mtu akiniuliza anunue wapi bakuli la mbao la urembo la kuweka sebuleni namwambia mng'ao aachane nao kwanza, aulize mbao imekauka kiasi gani. Nililetewa moja kutoka pwani, zuri kweli, likakaa kabatini wiki kadhaa, usiku mmoja tukasikia tah! asubuhi lina ufa kutoka mdomoni mpaka kitakoni.

Sasa kuna karakana moja Kizota, haina kibao wala jina, ukifika kwa mafundi fenicha sikilizia mashine inayovuma tofauti na randa hapo ndo kwenyewe. Kazi inayomlisha fundi ni ile ile ya wenzake, miguu ya vitanda na nguzo za ngazi, lakini ukuta mzima wa nyuma umejaa rafu za mabakuli, vyano, vasi za maua na vinu vidogo vya mapambo.

Kilichonifanya nimwamini ni anavyokausha. Gogo bichi analikereza, yaani linazungushwa na mashine yeye analichonga, raundi ya kwanza likiwa nene makusudi, bakuli la upana wa sentimita 30 anaacha ukuta kama sentimita 3, afu anapaka nta ya nyuki zile pande ambazo nyuzi za mti zimekatwa maana huko ndo maji yanakotoka haraka na ufa unapoanzia, analifunika kwenye rafu kivulini na miezi inapita. Kwenye kitako kuna namba za penseli, ni uzito, anapima anaandika, baadae anapima tena, uzito ukigoma kushuka ndo anajua maji yameisha. Kufikia hapo bakuli limeshajivuta limekuwa kama yai, kwa sababu mbao inasinyaa karibu mara mbili zaidi kwa kufuata zile duara za ndani kuliko kutoka kwenye moyo wa mti kwenda kwenye gome. Ndo analirudisha kwenye mashine, analinyoosha kwa bobari, ile patasi yenye makali ya mviringo, mpaka ukuta unabaki mwembamba. Na moyo wa mti wenyewe haachi ubaki ndani ya bakuli hata siku moja, anapasua gogo katikati kwanza.

Mi nilitaka la mkwaju lenye michirizi myeusi, nikalishika kabisa, akasema "dada hilo bado linashuka uzito, ukiondoka nalo leo utanirudishia vipande." Fundi anayekataa hela yako ukiwa umeishika mkononi, wangapi hao?

Nikachukua la mninga kwa elfu sitini. Mninga ndo ningemshauri mtu anayeanza, hausinyai sana, rangi yake ya udongo wenye wekundu inapendeza bila kuongezewa kitu, na yeye anatumia vipande vinavyobaki kwa watengeneza milango. Ya mpingo anayo pia ila madogo madogo, mti wenyewe haunenepi sana na mara nyingi ndani una uwazi. Lile lililonivutia ameacha ule weupe wa nje uzunguke mdomo na ndani ni jeusi tii, bei nikairudisha rafuni pamoja na bakuli. Kwingine kuwa makini, kuna mbao za kawaida zinapakwa kiwi ya viatu zinaitwa mpingo. Futa chini kwa kitambaa chenye spiriti uone kama rangi inatoka, au omba kibaki cha mbao hiyo hiyo ukitupie kwenye ndoo ya maji, mpingo unazama.

Kasoro zipo. Ndani ya bakuli langu ukipitisha kidole kulikuwa na sehemu mbili zinazotazamana zina ukakasi, pale ambapo bobari inakutana na nyuzi kinyume zinang'oka badala ya kukatika. Alilirudisha kwenye mashine akapiga msasa wa 240 afu 400 nikiwa nimesimama, sawa, lakini hiyo ilitakiwa iwe imeisha kabla mteja hajaigusa. Kitakoni matundu ya skrubu zilizolishikilia kwenye mashine yamezibwa kwa gundi na unga wa mbao, yanaonekana, kwa bei ile mimi sikupenda. Kufungashia ni gazeti. Na vumbi jamani, la mpingo hasa linawasha na kupigisha chafya, fundi mwenyewe kajifunga kitambaa tu puani, ukitaka kuangalia akikereza nenda na barakoa.

Muulize pia kapaka nini. Yenye vanishi yanawaka sana ila kwangu mimi ni ya kutazama tu, ya nta na mafuta ya kitani ndo unaweza kuweka zabibu, korosho au mkate. Mlenda wa moto hapana, kuloweka kwenye maji hapana, na lisipakwe mafuta ya kupikia, baada ya muda yananata na kunuka.

Jirani yangu anasema elfu sitini ni wizi wakati sokoni Majengo bakuli za plastiki zipo za buku mbili. Haya.

Anapokea kesh na ya simu, Jumapili hafungui, umeme ukikatika piga kwanza usije ukafuata kufuli. Ukitaka seti inayofanana sema mapema sana, mimi nimeweka oda ya mawili ya mkwaju, kaandika jina langu kitakoni kwa penseli pembeni ya uzito, kasema tuonane mvua zikishaisha.