Uzoefu wangu na mashine ya RO ya tangi la samaki: namba iliyogoma kushuka

Wadau mi nafuga neon tetra, samaki wadogo wa urembo, tangi la lita 120, nakaa Kigamboni chumba cha chini kwenye nyumba ya ghorofa na maji yetu ni ya kisima. Ukiyaonja tu unajua, chai ina chumvi kabla hujatia kitu. Mita ya TDS, ile inayokadiria chumvi na madini yaliyoyeyuka kwenye maji, inasoma 960 ppm (yaani sehemu 960 kwa kila milioni). Sasa hawa neon asili yao ni mito ya Amazon huko, maji laini kabisa, kwa hiyo kila nikinunua kumi wiki ya tatu nimebaki na wanne, muuza samaki alishanizoea akiniona kwa mbali anaanza kutafuta mfuko.

Nikaenda Kariakoo nikanunua RO, mashine inayotoa chumvi kwa kusukuma maji kwenye utando mwembamba unaoitwa membreni, ya stage nne, filta ya uchafu, kaboni mbili, alafu membreni ya GPD 75, maana yake galoni 75 kwa siku, kama lita 284 hivi. Laki mbili na themanini. Fundi akaja akafunga nusu saa tu, akapima maji yanayotoka 310, akasema "hiyo itashuka yenyewe bosi, membreni bado mpya." Akachukua hela yake akaondoka na namba ikabaki palepale.

Membreni nzima inatakiwa ikamate kama asilimia 95 na zaidi ya chumvi, kwa hiyo kwenye 960 ungetegemea chini ya 50. Mi 310! Nikaanza na mita yenyewe maana ni ya elfu kumi na tano, nikaichovya kwenye maji ya chupa ya dukani ambayo lebo inaandika TDS yake, tofauti ilikuwa namba nne tano tu, basi mita haina kosa. Nikafungua nyumba ya membreni, hapo ndo nikakuta kosa la fundi. Membreni haikusukumwa mpaka mwisho, ile mipira myeusi ya kwenye shingo haikuwa imebana, maji ya chumvi yanapita pembeni yanaenda kujichanganya na masafi. Nikaipaka mate kidogo (ndiyo, mate, sikuwa na kitu kingine) nikasukuma mpaka ikagota, kupima tena 190.

Afadhali lakini bado. Alafu kuna kitu kikanichanganya siku kadhaa, asubuhi nikifungua inasoma 240, nikipima jioni 190, nikawa nafikiri kisima kinabadilika. Kumbe mashine ikilala usiku chumvi inapenya polepole kwenye membreni hata kama maji hayatembei, yale ya mwanzo lazima yawe na namba kubwa. Mwaga dakika kumi za kwanza ndo upime. Hili karatasi ya maelekezo haisemi, imejaa picha za familia inacheka na glasi za maji.

Kilichonifungua macho sio mita, ni ndoo. Mashine ya lita 284 kwa siku mimi nilikuwa napata ndoo moja ya lita 20 toka asubuhi mpaka usiku, na huku bomba la maji machafu linamwaga kama mfereji. Hiyo ni presha. Simtenki letu liko juu ya paa, toka pale mpaka jikoni kwangu ni kama mita 12, na kila mita 10 za urefu zinakupa presha ya bar moja tu, kwa hiyo nina bar 1.2, ukipima kwa psi ni 17 hivi. Mashine hizi zinataka 50 na kitu. Alafu maji ya chumvi yenyewe yanakusukuma nyuma, yangu ya 960 yanakula karibu psi 10 hata kabla tone halijapita, kwa hiyo nguvu inayobaki ni kama psi 7, unategemea nini? Na maji masafi yakipita kidogo huku chumvi inapenya kwa kasi yake ileile, namba lazima ipande. Membreni haikuwa mbovu, ilikuwa na njaa ya presha. We unayekaa nyumba ya chini na simtenki kwenye mnara wa mita tatu hata usijaribu bila pampu utaona matone tu.

Nikaongeza pampu ya kusukuma, ile ndogo ya volti 24 na adapta yake, laki na kumi. Presha ikapanda psi 65 na mita ya TDS ikasoma 28. Nilikaa jikoni naipima kila dakika kama mtu anasubiri mshahara. Ndoo inajaa kwa saa mbili sasa.

Hapa ndo nikafanya ujinga. Nikaona 28 basi maji safi hayo, nikabadilisha tangi lote kidogokidogo wiki mbili kwa maji ya RO matupu. Mita ya TDS inapendeza, samaki wamejibana kona moja hawali. Nikapima kwa dawa za matone, pH, kipimo cha uchachu wa maji, toka 7.8 imeshuka mpaka chini ya 6, na amonia, ile sumu ya uchafu wa samaki, 1 ppm. Yaani RO inatoa na yale madini yanayozuia pH isianguke, na pH ikishuka hivo bakteria wa kwenye filta ya tangi wanalegea, hawali amonia tena. Na mita ya TDS hiyo amonia haikuonyeshi, yenyewe inapima umeme unavyopita kwenye maji basi, haijui ni chumvi, ni kalisi, ni mkojo wa samaki. Neon wawili walikufa.

Siku hizi nachanganya ndoo nne za RO na moja ya kisima, inanipa kama 215, pH imetulia 7 kasoro, amonia sifuri. Neon kumi na mmoja wana mwezi wa tano.

Mashine yenyewe naipa nne kwa tano. Moja nimekata kwa sababu duka linauza bila kukuuliza una presha gani, na kwa maji taka, hata baada ya pampu ndoo moja safi inamwaga tatu. Nadekia, nafulashi choo, ila kwenye mchicha wa mama mwenye nyumba sithubutu tena kumwagia, ile chumvi yote iliyobaki ilimkausha tuta moja na mpaka leo sijamwambia.