Matone ya nistatini kwa utando wa ulimini: uzoefu wangu baada ya chupa nne

Mwanangu alikuwa na miezi minne ulimi wake ulipoanza kufunikwa na utando mweupe mfano wa maziwa yaliyoganda, na kwa siku kadhaa mimi na mama yangu tuliudhania kuwa mabaki ya maziwa tu. Nilipojaribu kuufuta kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu uling'ang'ania, na pale ulipobanduka pakabaki pekundu na kuvuja damu kidogo. Kwenye zahanati ya mtaani kwetu, Tabata, tuliambiwa ni fangasi wa kinywani, tukapewa matone ya nistatini yenye yuniti 100,000 kwa kila mililita, ya kutumia mililita 1 mara nne kwa siku.

Siku ya tano sikuuona tena ule utando, nikaacha dawa. Baada ya wiki mbili ukarudi. Nikanunua chupa ya pili, kisha ya tatu, na kila mara ilikuwa hivyo hivyo, hadi nikaanza kuamini kwamba nauziwa dawa bandia. Mama mkwe alishauri nimpake asali. Nashukuru kwamba sikufanya hivyo, kwa sababu asali haifai kabisa kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Daktari wa watoto niliyemwona baadaye aliniomba kwanza nimwonyeshe ninavyompa mtoto dawa. Nilikuwa namimina yote katikati ya ulimi, bila kutikisa chupa, halafu namnyonyesha papo hapo. Alinieleza kwamba nistatini huua fangasi pale inapogusa tu na karibu haiingii kabisa kwenye damu, hivyo maziwa yalikuwa yakiisafirisha tumboni kabla haijafanya kazi. Inafaa chupa itikiswe vizuri, dawa itolewe baada ya kunyonya, nusu ndani ya kila shavu, na iendelee kwa saa 48 baada ya utando kwisha. Maelezo haya yangepaswa kutolewa siku ile ile dawa inapokabidhiwa, na bado inaniuma kwamba hakuna aliyeniambia.

Kisha akaniuliza kuhusu matiti yangu. Chuchu zilikuwa zikiniwaka na kuniuma kwa wiki nyingi, nami nilivumilia nikidhani ndivyo kunyonyesha kulivyo, kumbe mimi na mwanangu tulikuwa tukiambukizana. Tulitibiwa pamoja, mimi kwa krimu. Nyonyo bandia na chuchu ya chupa nikawa nazichemsha kila siku. Alitaja pia antibayotiki alizotumia mtoto alipougua kifua, kwa kuwa huua bakteria wanaowazuia fangasi wasizidi. Mwishoni, kwa upole, alipendekeza turudie kipimo cha VVU, kwa maelezo kwamba utando unaorudi mara kwa mara huweza kuwa dalili ya kinga dhaifu. Nilikuwa nimepimwa wakati wa ujauzito, na ombi hilo lilinitia hofu, lakini ningemwomba mama yeyote akubali. Majibu yetu yalikuwa salama.

Chupa ya nne, nikiitumia ipasavyo, ilimaliza tatizo. Kwa fangasi, basi, naisifu dawa hii bila kusita, ingawa ile niliyopewa ilikuwa na sukari, jambo la kuangaliwa kwa mtoto aliyeota meno.

Sifa hiyo, hata hivyo, ni ya fangasi peke yake. Mwanangu alipotimiza miaka miwili ulimi wake ulitokwa na mabaka mekundu laini yenye ukingo mweupe. Nilikimbilia duka la dawa kununua matone yale yale, nikampa siku kumi bila mabadiliko yoyote. Daktari alipotazama alisema si fangasi bali ni hali isiyoambukiza, ambayo mabaka yake huhama kama ramani inayochorwa upya, na haihitaji dawa, isipokuwa kuepuka pilipili na vitu vichachu vinapomwasha. Akanionya nirudi haraka endapo siku moja nitaona homa pamoja na malengelenge mdomoni, viganjani au nyayoni, hasa mtoto akikataa kunywa, kwa kuwa malengelenge hayo husababishwa na virusi na hatari yake kubwa ni kuishiwa maji mwilini.

Mabaka bado huja na kuondoka. Juzi yalikuwa upande wa kushoto, leo yako karibu na ncha ya ulimi, naye anakula wali wake kama kawaida.