Uzoefu wangu: laptopu iliyokataa kuzimika na fundi wa barazani Langoni

Siku niliyojua kwamba jambo hili si la kupuuza nilikuwa kwenye mashua, natoka Shela narudi Amu, yaani mji wa Lamu. Mkoba nimeupakata, mara mapaja yakaanza kuungua. Kwanza nikadhani ni joto la injini, maana nilikaa nyuma karibu nayo. Nikafungua zipu. Ndani ya mfuko wa nailoni ninaoifungia laptopu isirukiwe na maji ya chumvi kulikuwa na joto la jiko, feni inavuma, kioo cheusi. Nilikuwa nimeizima nusu saa kabla. Yaani nilidhani nimeizima.

Natunza hesabu za nyumba mbili za wageni Shela, na mwenyewe nakaa mtaa wa Mkomani, Amu. Kila jioni nafunga vitabu, nazima mashine, nashuka gatini kuwahi mashua kabla ya magharibi. Mashine yenyewe ni kuukuu, ile mitumba ya Ulaya tunayonunua Mombasa, na ndani yake naendesha Ubuntu, mfumo wa kompyuta ninaoutumia badala ya Windows, kwa sababu zamani flashi za wageni ziliniletea virusi mpaka nikachoka. Miaka yote hiyo haikunisumbua. Nikibonyeza kuzima, inazima.

Shida ilianza nilipopandisha toleo. Nilikuwa kwenye toleo la Ubuntu la 20.04, na hilo lilifika mwisho wa matengenezo yake ya kawaida mwaka 2025, miaka mitano baada ya kutoka, kwa hiyo kukaa nalo ilikuwa kujitakia. Huwezi kuruka moja kwa moja hadi 24.04, lazima upitie 22.04 kwanza. Nililala Shela siku mbili nikitumia waifai ya nyumba usiku wageni wakilala, kwa sababu kushusha mafaili yote hayo kwa bando langu ingekuwa kujifilisi. Upandishaji wenyewe sina la kuulalamikia. Kila faili lilikuwa mahali pake, printa ilijibu, hata hesabu za tangu 2019 zilifunguka.

Jioni ya kwanza nikabonyeza kuzima. Nembo ikatokea katikati ya kioo, kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikaganda. Taa ya mbele inawaka, feni inakwenda, kipanya kimekufa, kibodi kimekufa. Nikasubiri mpaka nikasikia nahodha ananiita kwa jina. Nikafanya unachofanya wewe pia, usikatae: nikakandamiza kitufe cha umeme mpaka ikakata.

Nikafanya hivyo kila siku kwa wiki tatu. Ile siku ya mkoba wa moto niliona kioo cheusi nikaridhika, sikukandamiza kitufe. Kumbe kioo kilijizima chenyewe tu, mashine iko macho.

Sasa nije kwa mafundi, maana ndilo lililonileta.

Wa kwanza simtaji, wala mtaa wake sisemi. Ana duka, ana kiyoyozi, ana mashine ya kupulizia vumbi. Aliipokea laptopu, akaigeuza, akafungua skrubu kabla sijamaliza sentensi ya pili. Akanionyesha kutu ya kijani kwenye mlango mmoja wa USB. Hilo ni kweli, na nani hapa hana? Chumvi ya kusi haiachi shaba. Tangu zamani ilikwisha kuua waifai ya ndani, ndiyo maana natumia kile kijiti cha waifai cha kuchomeka ubavuni. Yeye akasema chumvi imeingia kwenye bodi, ule ubao mkuu wa ndani, bodi inakufa, inataka kubadilishwa, bodi itoke Mombasa, shilingi 9,500, nusu nitangulize. Nikamuuliza, bodi inayokufa inafanyaje kazi kutwa nzima bila kusita, ikafa saa ya kuzima peke yake? Akasema, "Ndivyo zinavyoanza." Nikachukua mashine yangu nikaondoka. Nilimlipa 300 za kufungua skrubu, na skrubu moja hakuirudisha.

Wa pili nilielekezwa na mpwa wangu. Ni kijana wa mtaa wa Langoni, hapa Amu, hana duka wala kibao. Anakaa barazani kwao baada ya alasiri, waya wa umeme umepitishwa dirishani, na kazi zinamjia hapo. Nilimkuta na simu mbili mapajani na punda amesimama karibu yake kama mteja. Nikampa laptopu. Hakuigeuza. Aliiweka mbele yake, imefungwa vilevile, akaniuliza, "Ami, ilianza lini, na kabla ya kuanza ulifanya nini?" Nikamweleza habari ya toleo. Akauliza tena, "Na ukizima, huwa umechomeka nini na nini?" Nikasema chaja, pengine kipanya, na kijiti cha waifai. Akaguna tu.

Alichofanya kwanza ni kuiwasha na kuingia kwenye ile menyu ya mwanzo ambayo wengi wetu hatuioni, akachagua kerneli ya zamani. Kerneli ni ile roho ya mfumo inayozungumza na vifaa, na unapopandisha toleo ile ya nyuma mara nyingi huachwa pale kama akiba. Yangu ilikuwapo 5.15 ya toleo la 22.04 pamoja na 6.8 mpya. Akawasha kwa 5.15, akasubiri dakika, akazima. Ikazima pu! Feni kimya. Akarudia mara ya pili. Ikazima. Akaniambia, "Bodi yako haina neno. Bodi mbovu haichagui kerneli." Maneno hayo peke yake yaliniokolea 9,500.

Kisha akawasha kwa 6.8, akabonyeza kuzima, na nembo ilipotokea akapiga kitufe cha Esc. Nimetumia mfumo huu miaka mingi sijui kwamba nyuma ya ile nembo nzuri kuna maandishi. Nembo ikaondoka, ukabaki ukuta wa mistari myeupe, mmoja baada ya mwingine, huduma hii imefungwa, huduma ile imefungwa, mpaka mstari wa mwisho ukasimama na kuanza kuhesabu sekunde. "Njoo, ami, tizama," akaniambia, akinielekezea kioo kwa kidole. Mstari ulisema mfumo unasubiri huduma ya waifai ijifunge, na una dakika moja na nusu za kusubiri.

Akanieleza hivi, nami nawapa kama nilivyoelewa. Ukizima, mfumo hupita mlango kwa mlango ukiambia kila huduma ifunge virago. Asiyetoka hupewa sekunde 90, akikaidi anauawa. Kwa kawaida basi, hata huduma kaidi inakuchelewesha dakika moja na nusu tu. Lakini kama huduma imekwama ndani ya kerneli yenyewe, inasubiri draiva, ile programu inayoendesha kifaa, ijibu na draiva haijibu, hata kuuawa haifi. Tukakaa tukitazama. Zile 90 zikaisha, hesabu ikaongezwa. Zilipopita kama dakika mbili ukatokea mstari mpya kutoka kwa kerneli, unasema kazi fulani imezuiwa kwa zaidi ya sekunde 120, na ndani ya mistari iliyofuata likatajwa jina la draiva ya kile kijiti. Na kijiti chenyewe, hapo ubavuni, kitaa chake cha bluu kilikuwa kinapepesa vilevile, kama hakijaambiwa lolote. Wiki tatu nzima kitaa hicho kilipepesa mbele ya macho yangu, sikukitia maanani.

Akakichomoa. Haikusaidia, kilichokwama kimekwama. Badala ya kukandamiza kitufe akashika Alt na kile kitufe cha kupiga picha ya skrini, kwangu lazima na Fn pia, akabonyeza S, akatulia, U, akatulia, B. Mashine ikajiwasha upya. S ni kuandika diskini kila kilichobaki kwenye kumbukumbu, U ni kuifunga diski isiandikwe tena, B ni kuanza upya papo hapo. Kwenye Ubuntu hizi tatu zimeruhusiwa tangu mwanzo. Inapoanza tu kuwaka, kabla haijaigusa diski, hapo ndipo unaweza kukandamiza kitufe cha umeme bila madhara. Kwa mtu mwenye hesabu za watu ndani, hili ni la kuandika ukutani. Mimi nilikuwa naikata kikatili kila jioni, na ni bahati tu kwamba sikupoteza mwezi wa hesabu.

Jaribio la mwisho lilikuwa jepesi hata nikaona haya. Akawasha, akachomoa kijiti kwanza, kisha akazima. Ikazima yenyewe, sekunde chache.

Sasa kosa la nani? Langu, nusu. Miaka minne nyuma, waifai ya ndani ilipokufa, kijiti kilikataa kutambuliwa, na mgeni mmoja mwenye ujuzi akanisaidia kuweka draiva aliyoishusha mwenyewe kutoka mtandaoni, si ile ya mfumo. Nilimkaangia samaki, akaondoka, nikasahau. Draiva hiyo iliwekwa kwa njia ambayo kila kerneli mpya ikija, inajengwa upya yenyewe kimyakimya. Kwa hiyo nilipopandisha toleo nilibeba na ule mzigo wa zamani. Ulikubali kujengwa juu ya 6.8, ukafanya kazi, ila wakati wa kuaga ndio hauujui. Na kinachochekesha ni kwamba siku hizi kerneli yenyewe inakuja na draiva ya chipu ya kijiti kile. Sikuihitaji tena ile ya mgeni.

Kijana akaandika `dkms status`, amri inayoorodhesha draiva za kuongezwa za namna hiyo, jina likatoka, akaiondoa. Tukawasha upya, na kijiti kikawa kimekufa kabisa. Hapa nilitaka kuanza kumlaumu. Akakuna kichwa, akapekua folda ya `/etc/modprobe.d`, akakuta faili lililoachwa na ile draiva ya zamani likisema draiva ya kerneli isiruhusiwe kuingia. Mwenye nyumba amehama na funguo za jirani. Akalifuta faili, tukawasha tena, waifai ikaja. Akazima. Ikazima. Akawasha, akazima tena, mara tano, punda bado amesimama pale.

Aliniambia 500. Nikampa 1,000, na nusu ya hiyo kwa sababu hakugusa skrubu hata moja.

Kasoro zake nazitaja pia, ili msije mkanilaumu. Hakuna risiti, kwa hiyo kama unadai fedha hizo kazini andika mwenyewe kwenye daftari umwombe atie sahihi. Saa zake ni zake: asubuhi yuko baharini na babake, baada ya adhuhuri analala, na mawimbi yakiwa mazuri hata alasiri humwoni. Anafanya kazi mbele ya watu, kwa hiyo neno la siri lako andika mwenyewe, usimtamkie, barazani pale masikio ni mengi. Na hafanyi kazi ya kubadilisha kioo wala betri. Atakuambia ukweli na kukuelekeza kwingine.

Draiva mpya nayo haikuja bure. Juu darini Shela, nilipokuwa napata waifai ya chini bila shida, sasa inashika kwa kusuasua, lazima nishuke ngazi moja. Nimekubali. Hesabu za kamba na mchele sihitaji kuzifanya juani.

Kama yako inaganda hivi baada ya kupandisha toleo, usianze na bodi. Zima huku umechomoa kila kitu ubavuni, mara moja tu, uone. Ikiganda bado, bonyeza Esc usome mstari wa mwisho, upige picha kwa simu. Ukishindwa kuiona, washa tena ufungue terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike `journalctl -b -1 -e`. Hiyo inakuonyesha mwisho wa safari iliyopita, mashine ilikuwa inasema nini kabla ya kunyamaza. Picha hiyo ndiyo utakayompelekea fundi, na fundi asiyetaka kuitazama, muage uondoke.

Kijana wa Langoni nampa nyota nne kati ya tano. Ile moja ni ya siku mbili nilizokwenda nikakuta baraza tupu. Duka lenye kiyoyozi nalipa moja, na bado nadai skrubu yangu.