Seti ya modeli za molekuli: uzoefu wangu wa mihula minne

Nilinunua seti yangu ya modeli za molekuli mwanzoni mwa mwaka wa pili wa shahada ya kwanza ya kemia, kutoka kwa dada mmoja aliyekuwa amehitimu na anahama bweni. Nilimlipa shilingi 30,000, na kisandukuni nikakuta tufe nyeusi za kaboni, nyeupe za haidrojeni, nyekundu za oksijeni, buluu za nitrojeni na kijani za klorini, pamoja na vijiti vifupi vya bondi moja na virefu vinavyopindika vya bondi mbili. Ninamwandikia mwanafunzi anayejiuliza kama fedha ya namna hiyo aitumie huku au kwenye kutoa nakala za vitabu.

Kemia ogania, yaani kemia ya misombo ya kaboni, hufundishwa ubaoni, na ubao ni bapa, ilhali molekuli nyingi si bapa. Jaribio langu la kwanza la stereokemia, yaani somo la jinsi atomu zinavyopangika katika pande tatu, nilipata alama 9 kati ya 30, ingawa kanuni zote nilizijua kwa moyo. Nilichokosa ni kuona. Mstari mnene wa kabari humaanisha kundi linalokujia na mstari wa vistari humaanisha kundi linalokwenda nyuma, lakini kwangu ilikuwa mistari tu juu ya karatasi. Tufe nyeusi ya seti imetobolewa matundu manne yaliyopishana kwa nyuzi 109.5, kwa hiyo ukiunda methani (kaboni moja na haidrojeni nne) haikubali kulala mezani kama msalaba, hata uilazimishe vipi. Umbo hilo la kaboni lilipendekezwa mwaka 1874 na Jacobus van 't Hoff na Joseph Le Bel, kila mmoja kwa njia yake. Miaka tisa kabla ya hapo August Wilhelm Hofmann alikuwa ameonyesha mjini London modeli za mipira ya mchezo wa kroketi, na methani yake ilikuwa bapa.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa asidi laktiki, ile inayopatikana katika maziwa mgando. Niliunda mbili, moja ikiwa taswira ya kioo ya nyingine, kisha nikakaa karibu saa nzima nikizigeuza ili makundi yote manne yalingane. Hayakulingana. Nilipobadilishana makundi mawili tu kwenye mojawapo, zikalingana papo hapo, na kuanzia siku hiyo sikuhitaji tena kukariri kwa nini mchoro wa Fischer, unaoichora kaboni na makundi yake manne kama msalaba bapa, unaruhusiwa kuzungushwa nyuzi 180 lakini si 90.

Mahali ambapo seti hii imenilipa zaidi ni saikloheksani, pete ya kaboni sita. Kitabu huchora umbo la kiti na umbo la mashua, kisha husema kwamba kiti ni tulivu zaidi, nawe huna budi kuamini. Ukiwa na pete yenyewe mkononi, unaligeuza kiti moja kuwa kiti jingine kwa vidole viwili, na unaona kwa macho yako kundi lililokuwa limesimama wima likilala kuelekea pembeni, na la pembeni likisimama. Weka kundi la methili (kaboni moja yenye haidrojeni tatu) mahali pa wima, nawe utaiona ikisongamana na haidrojeni mbili za upande uleule wa pete. Msongamano huo hugharimu takriban kilojuli 7.3 kwa moli, na ndiyo sababu katika joto la kawaida karibu asilimia 95 ya molekuli za methilisaikloheksani huwa na methili yake pembeni.

Baadaye niliunda mentholi, ile inayoupa mnanaa ubaridi wake. Ina kaboni tatu za kairali, yaani zilizoshikamana na makundi manne tofauti, hivyo kuna isoma nane (mipangilio tofauti ya atomu zilezile) zinazowezekana, na katika ile inayotengenezwa na mmea makundi yote matatu hukaa pembeni kwa wakati mmoja. Nilipoiona imekaa vile, imetandaa bila kundi lolote kusongwa, nilifurahi kiasi cha kumwamsha mwenzangu wa chumba ili naye aione.

Hata hivyo, kuna mambo ambayo seti haiwezi kuyafundisha, na ni vema mnunuzi ayafahamu mapema. Elektroni hazimo kabisa. Benzini itatoka na bondi tatu ndefu na tatu fupi, wakati katika molekuli halisi zote sita zina urefu mmoja wa pikomita 139 hivi. Katika mmenyuko wa SN2, ambapo kundi moja huingia kwenye kaboni huku jingine likitoka, kaboni hupita katika hali ya kushikamana na washirika watano kwa muda mfupi mno, lakini tufe ina matundu manne tu. Hapo nililazimika kurudi kwenye karatasi. Kwa sababu hiyo, kila ninachounda hukichora mara moja kwenye daftari, maana chumba cha mtihani mara nyingi hakiruhusu kisanduku kuingia.

Vijiti ni vigumu kuchomoa vikiwa vipya na hulegea baada ya muda, lakini havijavunjika. Kasoro iliyonisumbua zaidi ni upungufu wa tufe: mentholi moja inahitaji kaboni 10, haidrojeni 20 na oksijeni 1, nawe utahitaji mara mbili ya hizo ukitaka kuilinganisha na taswira yake ya kioo. Zihesabu tufe nyeusi kabla ya kulipa. Nyeupe zikipungua, acha tu matundu wazi mahali pa haidrojeni ambazo hazihusiki na swali.